Wimbo wa Kulaza Ng'ombe

Alhamisi, nyuma ya duka la misumari na rangi,
mji wa Brooks, Alberta, baridi ya thelathini chini ya sufuri,
wazee watano na Wilma mwenye kodiani
wanapanga viti vya chuma duara.
Birika kubwa la kahawa linakoroma pembeni.
Mimi nimeamka sasa hivi, zamu yangu ni ya usiku;
nanuka sabuni ya kiwandani
na kitu kingine ambacho sabuni haikiwezi.

Orval Skretting ana vidole vitatu mkono wa kulia.
Viwili vilikwenda na kamba, mwaka wa sabini na moja,
ndama akivuta huku, farasi akivuta kule.
Vilivyobaki, asema, vinatosha;
wimbo wenyewe hauna makuu.

Wanaimba. Ni kijana yuleyule
anayekata roho mbali na mamaye,
farasi yuleyule anayerudi tandiko tupu,
mto uleule uliofura theluji ikiyeyuka,
na mtu, kama kawaida, anajaribu kuuvuka.

Nawajua wote. Tulikutana Kitale,
jikoni, redio imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
Jumapili saa nane, kipindi cha salamu.
Baba, mkamuaji wa shamba la watu,
kofia gotini, macho dirishani.
Kiingereza chake kilikuwa maneno matatu:
farasi, mama, kaburi.
Yalimtosha. Alilia pale panapoliliwa,
hakukosea hata ubeti mmoja.

Nikamuuliza Orval: mbona nyimbo hizi hazizeeki?
Akajikuna shingo. Sijui, akasema.
Kisha akasema: hazikutungiwa watu.

Ng'ombe elfu mbili wamelala uwandani, usiku,
na kitu kidogo tu, njiti ya kiberiti,
mfuniko wa sufuria, sungura,
wote wamesimama, na ardhi yenyewe inakimbia.
Basi mlinzi huwazunguka juu ya farasi, taratibu,
akiimba ili wajue alipo.
Chochote kile. Tenzi za kanisani, matusi,
maandishi ya kopo la maziwa.
Mwendo wa wimbo ni kwato za farasi aliyechoka.
Ng'ombe hasikilizi maneno.
Anasikiliza kama unaogopa.

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikwama,
maana kazi yangu, ambayo Orval hajawahi kuiuliza,
si ya visu. Mimi niko mazizini,
mlango wa mwisho kabla ya ule mlango.
Saa kumi alfajiri malori yanatema,
wanashuka na mvuke puani, wanateleza,
kila mmoja anatafuta wa kumfuata.
Nina bendera ya plastiki ya kuwaswagia.
Usiku ule sikuipunga.
Niliimba, chini kwa chini,
maneno ya baba akiwa kwenye kigoda:
shusha, mama, shusha, ndoo haina haraka.
Masikio yakageuka kunitafuta.
Wakapita mmoja mmoja,
kwa adabu ya watu waingiao msibani.

Alhamisi iliyofuata nikamwambia.
Akaliziba tundu la gitaa kwa kiganja.
"Unadhani wale wa zamani walikuwa wanawapeleka wapi?
Relini. Na reli haikwenda malishoni."
Wilma akajifanya kutafuta sukari.
"Waliimba wakijua. Yule anayekufa kwenye wimbo,
unayemsikia kooni mwangu,
nani alikwambia ni kijana?"

Nikakumbuka ndama dume wa Kitale,
wasiokamulika, wasio na faida shambani,
na lori lililokuja kuwachukua kila Jumatatu.
Jumapili baba akilia na redio.
Jumatatu akifungua lango.

Kodiani ikavuta pumzi.
"Shika huu unaofuata," Orval akasema,
"kwa lugha yoyote uliyokuja nayo."
Nikashika. Sauti yangu si nzuri,
na hakuna aliyeniambia vinginevyo.
Kengele ya zamu ikalia mfukoni
tukiwa katikati ya mto, maji tumboni mwa farasi.
Nikaiacha ilie.